Jasho lisilokauka halipozi mwili

Sahibu yangu Salim,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kwa nini vijana wako wa kazi hapo Maskati, Omani, wanaishiwa nguvu, na maji wanakunywa, na jasho linawatiririka. Jibu limo kwenye jasho lenyewe.

Haipothalamasi, kisehemu kidogo cha ubongo, upande wa chini, hulinda joto la mwili lisitoke mbali na nyuzi 37. Likipanda, mishipa ya ngozi hutanuka, damu ya moto huja juu, na jasho hutoka. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, ngozi haitoi tena joto, inalipokea. Hapo limebaki jasho tu, nalo hupoza linapokauka: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoa kilokalori 580 hivi za joto. Likidondoka chini, limepotea bure. Ndiyo maana nyuzi 38 zenye unyevu wa bahari huweza kuumiza kuliko 42 kavu za bara.

Mgeni wa kazi usimpe kutwa nzima juani. Siku ya kwanza asilimia 20 ya muda, kisha ongeza 20 kila siku. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea: jasho huanza mapema, huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Maji ni robo lita kila dakika 15 au 20, yasizidi lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu kupita kiasi huizimua chumvi ya damu. Ile marufuku ya Omani ya kazi za juani, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti, ishike, lakini usidhani saa kumi pameshakuwa salama.

Sasa hili nakuomba ulishike sana. Mtu akianza kuongea ovyo au kuyumba, joto limeshamzidi, usingoje jasho likauke. Wengi wanaofanya kazi nzito huanguka wangali wamelowa. Piga simu ya gari la wagonjwa, mvue nguo, mtumbukize kwenye maji ya barafu hadi shingoni, mmoja amshike kichwa. Hakuna pipa? Mmwagieni maji mfululizo huku mkimpepea. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu. Panadoli haisaidii: kwenye homa ya malaria ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto unaokilinda, na dawa hukishusha, huyu kiwango chake hakijapanda, joto limemshinda kutoka.

Pipa kubwa la kumtosha mtu na friji ya barafu viwepo hapo kazini kabla ya Juni, tafadhali.

Nduguyo,
Hamad