Rejileta inayokwama kwenye volti 14

Mhariri,

Mafundi wa sola hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda, hulaumu chipu feki kila rejileta ya kujiundia (kifaa cha kudhibiti uchaji wa batri) inapoonyesha volti 14.0 bila kupanda huku batri ikichemka. Feki zipo, hakuna anayebisha. Ila mara nyingi chipu ni nzima, imepewa tu kazi isiyoiweza.

Mchoro unaonakiliwa sana ni huu: volti ya batri inagawanywa kwa nne kwa rezistansi za kilo-omu 30 na 10, halafu inapitia LM358, chipu ya op-amp, iliyofungwa kama bafa (inatoa volti ileile inayoingia), mguu wa 2 umeungwa na wa 1, ndipo iingie kwenye maikrokontrola, chipu yenye programu inayosoma volti na kukata chaji. LM358 yenyewe inalishwa volti 5. Chipu hii haifikishi juu volti yote inayolishwa. Inaishia kama volti 1.5 chini yake, yaani 3.5 hivi, na upande wa kuingilia una mpaka huohuo. Batri ikifika 14.4, mguu wa 3 wa kuingilia una 3.6 lakini mguu wa 1 wa kutolea umebaki 3.5. Zidisha kwa nne, unapata 14.0. Programu iliyopangwa ikate kwenye 14.4 itangoja mpaka maji ya batri yakauke. Ile volti 5 ikilegea hadi 4.7, ni balaa zaidi: kioo cha rejileta kitaganda karibu na 12.8.

Ili kuhakikisha, pima mguu wa 3 kisha wa 1 batri ikiwa inajaa. Zikitofautiana zaidi ya milivolti chache, bafa imefika ukomo.

Dawa rahisi ni kuweka kilo-omu 47 badala ya 30. Volti 14.4 itatoa 2.53 tu. Kwenye programu, kizidisho kitoke 4 kiwe 5.7, hilo husahaulika sana. Wengine huweka MCP6002, op-amp nyingine ambayo miguu yake imepangwa vilevile na hukaribia kabisa volti 5. Sawa, ila haivumilii zaidi ya volti 6. Ukiiunga kwenye batri imekufa. Kulisha LM358 moja kwa moja kutoka batri nako kunawezekana, lakini ile rezistansi ya 10 ikiachia solda, volti zaidi ya 10 zitaingia kwenye maikrokontrola. Weka kilo-omu 1 kati ya mguu wa 1 na maikrokontrola, na diodi ya Schottky (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kutoka upande wa maikrokontrola kwenda kwenye volti 5. Ile op-amp 741 ya zamani msiijaribu kwenye volti 5.

Nusu ya LM358 isiyotumika isiachwe ikielea: mguu wa 5 kwenye masi (upande hasi), wa 6 uungwe na wa 7.

Fundi elektroniki,
Kadutu, Bukavu