Barua kwa mwanangu: lenzi ya kupigia picha za watu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza lenzi gani inafaa kwa picha za sura, lakini nakuona kabisa umeshaipenda ile ya f/1.2, yenye tundu kubwa sana la kupitisha mwanga (namba ya f ikipungua, tundu linakuwa kubwa), na unachongoja ni mimi nikubali. Sijakubali.

Jiulize kwanza: unataka kusimama umbali gani na mtu unayempiga? Watu husema lenzi fulani "inaharibu" uso, kumbe anayeharibu ni mpiga picha aliyesogea mno. Ukiwa nusu mita kutoka ncha ya pua ya mtu, masikio yake yako kama sentimita 62 kutoka kwako. Tofauti hiyo ni karibu robo, ndiyo maana pua inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Rudi nyuma hadi mita 2: sentimita zilezile 12 hazionekani tena, na uso unakaa vile tunavyouzoea tukizungumza na mtu. Lenzi ndefu, yaani yenye milimita nyingi, inakuwezesha kubaki hapohapo mita 2 na uso bado ukajaa kwenye fremu, basi.

Hiyo ndiyo sababu ya milimita 85 kusifiwa sana. Kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), ile ya milimita 36 kwa 24, ukiishika wima kwa umbali huo unapata kichwa na mabega, na mnaendelea kuongea bila kupaza sauti. Milimita 135 nayo ni tamu, ila inakurudisha nyuma, na chumbani utagota ukutani.

Lakini wewe sensa yako ni ndogo. Zidisha milimita za lenzi kwa 1.5: lenzi ya milimita 50 kwako inafanya kazi kama ya 75. Chukua hiyo, ya f/1.8. Ni nyepesi, na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Zile za kuvuta (zoom), za milimita 70 hadi 200 zenye f/2.8, waachie wapiga harusi. Nyingi zinazidi kilo moja na mkono utakuuma.

Sasa hilo tundu unalolililia. Mwanahisabati Joseph Petzval alipobuni lenzi ya picha za watu mwaka 1840, alihitaji tundu kubwa kwa sababu watu walikuwa wakikaa tuli muda mrefu mwanga ukiingia polepole. Kamera yako haina shida hiyo. Siku hizi tundu kubwa linatafutwa zaidi ili nyuma ya mtu kuwe na ukungu, yaani kusionekane wazi, na ukungu una gharama yake: kwa milimita 85 kwenye sensa kubwa, f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali, yaani inayoonekana wazi, ni kama sentimita 3 tu. Akigeuza uso kidogo, jicho moja kali, la pili limepotea. Mkiwa na watu wawili, funga tundu hadi f/4 na uwaweke mbali na ukuta. Ukungu utaupata tu.

Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi upande wa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Halafu niletee picha ya kwanza, ya f/2.8, jicho la karibu likiwa kali.

Mama yako