Swedi, mkojo wangu umenisema

Urambo, Jumapili jioni

Ndugu yangu Swedi,

Salamu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, na yale mengine yote tuliyokuwa tunanakili ubaoni darasa la sita. Mama watoto anakusalimu. Anasema wale samaki wako, migebuka, imefika minane wakati barua ilisema kumi. Nimemwambia treni nayo ina tumbo.

Najua nimekaa kimya tangu mfungo. Na ningeendelea kukaa, ila juzi Mzee Kalyango kapita hapa akitokea huko Kibirizi, kanipa maneno yako kama ulivyoyatuma: "Mwambie Maganga, miaka ishirini na mitatu ya sigara haifutiki. Kilichoharibika kimeshaharibika. Aniache nivute zangu." Swedi! Hayo maneno ni yangu. Nilikuwa nayasema mimi pale stesheni ya Kaliua tunagawana pafu za kipisi kimoja mpaka kinatuunguza vidole. Sasa unanirudishia mwenyewe?

Basi nisikilize, nina habari ya mkojo.

Mwezi wa pili nilikojoa damu. Si nyingi, matone mawili matatu, tena mwishoni kabisa mtu ukidhani umeshamaliza. Siku ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikanyamaza, ya tatu nikamwambia mama watoto. Hakujibu kitu, akanitolea viatu nje. Hospitalini kijana wa maabara akasema nije na mkojo wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, na kwanza nitembee tembee, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi saa hizo mwili ukishachangamka. Nikawa nazunguka mwembe wa hospitali, mtu mzima na akili zangu, kikopo mkononi. Na nani anapita? Mama Zuhura. Kanisalimia kwa sauti ya kuita mbuzi, kakitazama kikopo, kaniuliza, "Asali hiyo unauzaje?"

Ikawa kichocho kweli. Majaruba yale ya bondeni tuliyoogelea wote, kwa hiyo na wewe usicheke sana. Wakanipima uzito, nikapewa prazikwanteli, vidonge vinene, vichungu hatari. Damu ikakoma.

Lakini siku ile kabla ya majibu kijana aliniuliza, "Mzee, unavuta?" Nikasema nimeacha. Mfuko wa shati ulikuwa na mbili za rejareja! Niliporudi nyumbani nikamsimulia Neema, yule wa dada anayesomea maabara, nikidhani atacheka. Akasema, "Mjomba, wangekupima kotinini mkojo ungekusema mbele ya watu." Kotinini ndiyo mabaki ya nikotini mwili ukishaisaga, na siku kadhaa baada ya sigara ya mwisho bado inaonekana kwenye mkojo. Nikajiona nimesimama barazani kwa mjumbe, shahidi yumo kwenye kikopo.

Hapo ndipo akaanza habari ya mikroRNA, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nikueleze nilivyoelewa. Chembe za mwili zinafanya kazi kwa maagizo, karatasi kutoka ofisi kuu ikisema tengeneza hiki, tengeneza kile. MikroRNA ni kipande kifupi mno, kama herufi 22 tu, na kazi yake ni kuikamata karatasi fulani isifanyiwe kazi. Mfikirie yule karani wa chama cha msingi aliyekuwa anaiweka fomu yako chini ya rundo mpaka msimu unaisha. Tulimchukia, lakini karani wa mwilini anatakiwa awepo, kwa sababu karatasi nyingine zikipita ovyo chembe zinaanza kuzaana bila mpango. Aliyemgundua wa kwanza ni Mmarekani, Victor Ambros, mwaka 1993, tena ndani ya kijinyoo cha urefu wa milimita moja. Mwaka 2024 yeye na mwenzake Gary Ruvkun wakapewa tuzo ya Nobel. Kijinyoo, Swedi. Sisi tuna minyoo miaka yote na hatujapewa hata cheti.

Sasa moshi. Watafiti wa Boston mwaka 2009 walichukua chembe za njia ya hewa za wanaovuta na wasiovuta, wakakuta mikroRNA 28 hazilingani, na nyingi kwa wavutaji zimepungua. Yaani moshi unawafukuza makarani ofisini. Na vipande hivi havikai ndani ya chembe tu, vinatoka, vinaingia kwenye damu, kwenye mate, kwenye mkojo, na haviozi upesi kwa sababu vimefungwa ndani ya vifuko vidogo au vimeshikana na protini. Ndiyo maana mkojo wa mvutaji unalinganishwa na wa aliyeacha, bila kumpasua mtu wala kumchoma sindano. Usiende hospitali ya Maweni kudai kipimo hicho, watakushangaa, ni kazi ya watafiti bado. Ila nisikie hapa: waliopima damu ya wavutaji, wale walipoacha, mpangilio wa mikroRNA zao ulianza kufanana na wa wasiovuta. Makarani wanarudi kazini! Sasa hilo neno lako la "kimeshaharibika" umelitoa wapi?

Sikudanganyi kwamba yote yanafutika. Kibofu ndicho kinachonitisha. Sumu za moshi zinachujwa na figo halafu zinakaa na mkojo humo humo saa nzima nzima, na mvutaji ana hatari ya saratani ya kibofu kama mara tatu ya asiyevuta. Ukiacha inashuka, lakini polepole, miaka. Na kichocho cha aina yangu nacho kinaleta saratani hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi kibofu changu kimepigwa huku na huku, na nilikuwa naongeza kuni.

Kuni zenyewe unazijua. Hata sasa naandika, soko la tumbaku linaendelea, na ada ya watoto inatoka humo humo, sina pa kuficha uso. Unakumbuka usiku kwenye bani la baba, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, tunapokezana kuchochea moto, majani yanageuka manjano na sisi tunasinzia tumekaa? Na asubuhi za kuchuma majani yana umande, tunatapika tukidhani ni malaria? Neema anasema ile ilikuwa nikotini, inapita kwenye ngozi iliyolowa. Tulikuwa tunavuta kwa mikono kabla hatujajua kuwasha kiberiti.

Basi nina miezi minne na siku kumi bila sigara. Ukiondoa ile moja ya msiba wa kwa Chubwa, na hiyo nayo nusu nilimpa shemeji. Wiki ya kwanza nilimgombeza kila mtu, hadi jogoo. Mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, unakuta kitambaa. Usiku ndiyo mbaya zaidi, sijui wewe.

Haya niambie. Bado unakohoa asubuhi mpaka unashika ukuta? Siku hizi ni ngapi kwa siku, na usinitajie zile unazonunua mwenyewe tu, hesabu na za kuomba. Hizo za usiku ziwani unavutia baridi au usingizi? Hujawahi kuona damu, hata tone? Shemeji anajua unavuta ndani ya mtumbwi wenye petroli? Na ukija mwezi wa nane kama ulivyosema, tuanze siku moja, mimi upya na wewe mwanzo, au nisikungoje?

Nijibu kwa mkono wako. Mzee Kalyango anaongeza chumvi.

Wako,
Maganga

Nimesahau: karanga ndizo zinanisaidia. Nimeandika barua hii nazitafuna, nusu kilo imekwisha na mama watoto anauliza za mboga ziko wapi.