Diski haijafa, imevuliwa kasha tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wapiga picha za harusi, mawakala wa forodha na wote hapa Mombasa wanaoweka kazi zao kwenye diski za nje, na zaidi ya hao mafundi wenzangu. Tunafomati, yaani tunafuta zianze upya, diski zisizo na ubovu, zenye data ya watu ndani, kwa kuwa hatuulizi diski inajihesabia kwa bloku (vipande vya data) za baiti ngapi.

Kisa huwa hivi. Soketi ya USB ya diski kubwa ya mezani imelegea. Fundi anapasua kasha la plastiki, anatoa diski, anaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kompyuta inadai diski ni tupu, ifomatiwe? Hapo fundi anatoa hukumu: imekufa. Kabla ya Ramadhani mpiga picha mmoja wa Majengo alinijia na ya kwake akiwa keshaambiwa hivyo. "Fundi, mie nishakata tamaa, ifomati tu nipate pa kuweka kazi ya Ijumaa." Nikamwuliza kasha liko wapi. Liko nyumbani, watoto wanalichezea. Nikamtuma akalilete, nikailehemu ile soketi, diski ikarudi ndani ya kasha lake, na harusi za watu zikaonekana zote. Hakuna uganga hapo.

Kompyuta ikikutana na diski huiuliza vipimo vyake, nayo hujibu kwa namba. Namba ya kwanza ni bloku ya hesabu, yaani kipimo ambacho kompyuta itakitumia kuagiza data. Kwa miaka mingi kilikuwa baiti 512. Ya pili ni bloku halisi, kipande kidogo kabisa ambacho diski huweza kukiandika kwa mkupuo mmoja. Kuanzia mwaka 2010 hivi, watengenezaji walipohamia mtindo wanaouita Advanced Format, bloku halisi ya diski nyingi imekuwa baiti 4096, ingawa nyingi huendelea kuiambia kompyuta 512 ili mifumo ya zamani isikwame.

Sasa kasha la nje lina kibao chake cha saketi kinachokaa katikati ya USB na diski, na kibao hicho kinaweza kutoa jibu lake chenyewe. Makasha kadhaa ya diski za terabaiti 3 na kuendelea, yaliyotengenezwa enzi za Windows XP, huiambia kompyuta bloku ni 4096 hata kama diski iliyomo inasema 512. Sababu yao ilikuwa na maana. Jedwali la zamani la patisheni, yaani sehemu ambazo diski hugawanywa, huandika namba ya bloku kwa biti 32, kwa hiyo kwa baiti 512 linakomea kwenye tebibaiti 2 (kama terabaiti 2.2), na kwa 4096 linafika 16. Ila patisheni iliyoandikwa kuwa inaanzia bloku ya 256 ndani ya kasha huanzia baiti 1,048,576. Ukiichomoa diski, kompyuta inahesabu bloku ileile ya 256 kwa 512, inatua kwenye baiti 131,072, haioni kitu. Data ipo palepale ilipoachwa. (Kuna na makasha yanayofumba data kabla ya kuiandika. Hayo ukiyatupa umetupa na ufunguo.)

Kuna jibu jingine ambalo hata mafundi wazoefu hawalitazami: ukubwa wa ombi, yaani kiasi cha data kinachoagizwa kwa mara moja, ambalo diski inalipendelea. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, imekuwa ikiyaonyesha haya tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009. Andika lsblk -t utaona safu za PHY-SEC (bloku halisi), LOG-SEC (bloku ya hesabu), MIN-IO (ombi dogo) na OPT-IO (ombi linalopendelewa). Hiyo OPT-IO ikiwa 0, diski haikutaja chochote, na si kosa. Kwenye diski kadhaa zilizounganishwa pamoja kwa RAID, mtindo wa kuzifanya zifanye kazi kama moja, huwa namba yenye faida kubwa, kwani programu ikiandika kwa kipimo hicho diski zote hupata kazi sawasawa. Lakini baadhi ya makasha ya USB hujibu 33553920. Nilipoiona nilidhani ni namba ya simu. Kumbe ni 65535 mara 512, yaani kasha linataja ombi kubwa kabisa linaloweza kulibeba, halafu linaliita pendeleo lake. Programu ya kugawa patisheni ikiamini jibu hilo huanzisha patisheni kwenye bloku ya 65535, namba isiyogawanyika kwa 8, na kila kitu baada ya hapo kinakaa upogo juu ya bloku halisi za 4096.

Hasara ya upogo huo huonekana kwenye uandishi. Diski ni kama duka la jumla lenye sukari ya magunia tu: ukitaka kubadilisha kibaba kimoja, lazima gunia lifunguliwe, libadilishwe, lishonwe tena. Diski inasoma baiti 4096, inarekebisha kipande, kisha inangoja sahani izunguke hadi mahali pale ndipo iandike. Kwa diski ya mizunguko 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8. Zidisha kwa faili ndogondogo za ofisi ya forodha, utajua kwa nini karani anakunywa chai nyingi. Wengi hapa husingizia virusi, au husema diski ni feki.

Ninachoomba ni kidogo. Wauzaji wa diski na makasha mjini, pamoja na terabaiti, waandike kwenye risiti bloku ya hesabu na bloku halisi. Kwenye Windows, fsutil fsinfo ntfsinfo ikifuatwa na herufi ya diski hutoa zote mbili. Mafundi tuziangalie diski ikiwa bado ndani ya kasha, tuzinakili, ndipo tushike bisibisi. Nanyi wateja, fundi akiwaambia anafomati, mwulizeni kwanza kama ameijaribu ndani ya kasha lake au la aina hiyohiyo. Akikasirika, chukueni diski yenu mwende kwa mwingine. Mafundi hawajapungua mjini.

Fundi wa kompyuta,
Ganjoni, Mombasa.