Mtu mzima akianguka mara ya kwanza, apigwe picha ya ubongo

Mhariri,

Mimi ni afisa tabibu katika hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Naomba nafasi niseme jambo linalonikaa rohoni, kuhusu watu wazima wanaoletwa kwetu baada ya kuanguka, kukakamaa na kutoka povu kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Anayenifanya niandike ni mkulima wa viazi. Alipoletwa alikuwa na miaka 43. Mkewe alikuja na daftari jipya la shule, maana kwetu daftari ndilo faili la mgonjwa. Mumewe alikuwa ameanguka shambani asubuhi ile, naye hakuwahi kuanguka tangu utotoni. Nilipima malaria, hakuna. Sukari na presha vilikuwa sawa, pombe hanywi. Nikaandika kwa herufi kubwa: KIFAFA. Nikampa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kuanguka, kwenye bahasha ndogo ya karatasi.

Kwa miaka mitatu alikuja kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi aliyekuwa zamu alisoma neno lile na kurudia dawa ileile. Siku moja nilimkabidhi bahasha ikamponyoka. Nikamwambia ashike vidole vyangu kwa mikono yote miwili, abane kwa nguvu. Mkono wa kushoto ulibana. Wa kulia ulinigusa tu. Mkewe akasema taratibu, "Daktari, jembe lilimshinda tangu palizi. Alikuwa anaona aibu kusema."

Waliuza mbuzi wawili, wakapata nauli na fedha ya kipimo. Picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, ilionyesha uvimbe upande wa kushoto, umeota kwenye utando unaofunika ubongo. Alipasuliwa Dar es Salaam, yu hai, namshukuru Mungu. Mkono haukurudi. Uvimbe wa namna ile hukua polepole kwa miaka, na naamini siku niliyoandika neno lile ulikuwa tayari umo kichwani mwake, mdogo kuliko tulivyoukuta.

Kuanguka ni dalili. Kwa mtoto mwenye homa kali tunalijua hilo, tunatafuta malaria, tunatafuta homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima tumezoea kuishia kwenye jina la ugonjwa. Nyuma ya jina hilo panaweza kuwa na kiharusi, damu iliyovilia baada ya ajali ya bodaboda ya wiki tatu zilizopita, kifua kikuu kilichojenga donge kwenye ubongo, au kimelea kiitwacho toksoplasma kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kila kimoja kina tiba yake, na fenobabitoni haitibu hata kimojawapo. Inazuia mshtuko wa kuanguka, basi.

Huku kwetu lipo pia suala la tegu wa nguruwe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye mnyoo huyu, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanaweza kuwa wameupata kwake. Maeneo yenyewe tunayajua. Mbulu kule kaskazini na Mbozi huku kwetu yamechunguzwa kwa miaka mingi. Ni vijiji ambako nguruwe huachwa wazurure na vyoo ni vya kubahatisha. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa walaji wa kitimoto. Sivyo. Kitimoto isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa tumboni. Vifuko vya mnyoo kwenye ubongo, ambavyo ndivyo huleta kifafa, huja kwa kumeza mayai yatokayo kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kupitia maji, mboga au mikono ya mpishi. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuvipata. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti vifuko hivyo kwa Wayahudi wanaoshika dini sana na wasiokula nguruwe kabisa.

Hapo ndipo kubahatisha kunapokuwa hatari. Wapo wenzangu ambao, kwa nia njema, humpa mgonjwa albendazoli au prazikwanteli "kama ni minyoo ife". Vifuko vikiwa vingi, au ubongo ukiwa umeshavimba, kuviua ghafla huzidisha uvimbe na mgonjwa anaweza kufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka mgonjwa apigwe picha ya ubongo kabla ya dawa hizo, na zikitolewa ziambatane na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Vifuko vilivyokwisha kufa na kugeuka chokaa havihitaji dawa ya minyoo kabisa, na CT huvionyesha vizuri.

Kuna dhuluma nyingine, ya upande wa pili. Wataalamu wa mishipa ya fahamu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2015, walikadiria kwamba watu wazima wanaoanguka mara ya kwanza bila sababu ya papo hapo, asilimia 21 hadi 45 huanguka tena ndani ya miaka miwili. Maana yake zaidi ya nusu hawaanguki tena katika muda huo. Picha yenye kasoro huongeza uwezekano wa kurudia. Bila picha, mwenye kasoro na asiye nayo tunawaandikia neno moja, na neno hilo kijijini linavunja uchumba na kumtenga mtu na sahani za wenzake. Nimemwona dereva aliyepoteza kazi kwa sababu ya mstari mmoja kwenye daftari.

Najua nitaambiwa picha nyingi zitakuwa safi. Ni kweli. Hata katika nchi zenye uwezo, takwimu wanazozitumia ni karibu mtu mmoja kati ya kumi kukutwa na kasoro ya maana. Kwangu mmoja kati ya kumi ni wengi, na sioni kwa nini kwetu, penye tegu, kifua kikuu na bodaboda, wawe pungufu. Picha safi nayo haimaanishi mtu hana kifafa. Hilo lazima aelezwe kabla hajatupa dawa zake.

Siombi mashine kila wilaya. Mwaka 2021 serikali ilitenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19 kununulia mashine za CT kwa ajili ya hospitali za mikoa, na ilifanya vyema. Kinachotushinda ni kilomita zilizobaki na fedha ya dirishani. Mgonjwa anafika mkoani kwa barua yangu, anaambiwa alipie kwanza, anarudi nyumbani. Au anapigwa picha, anaondoka nayo bila majibu kwa kuwa msomaji hayupo, ilhali siku hizi picha husafiri kwa mtandao na mtaalamu aliye Dodoma anaweza kuisoma siku hiyohiyo.

Naomba kila hospitali ya mkoa itenge siku moja kwa wiki kwa wagonjwa hawa kutoka wilayani, majibu yaandikwe ndani ya daftari, na picha hii isikose kwenye kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote. Mwenye homa, ulegevu wa upande mmoja, jeraha la kichwa, virusi vya UKIMWI au asiyerudiwa na fahamu asisubiri siku hiyo. Aende leo.

Ninapoandika, wodini kwetu kuna mama wa miaka 36, ana watoto wanne, ameanguka juzi kwa mara ya kwanza na kichwa kinamuuma tangu mwezi uliopita. Kwenye daftari lake nimeandika "mshtuko wa kwanza, chanzo bado hakijajulikana". Gari la wagonjwa linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri likiwa na mjamzito wa rufaa. Nimeomba kiti kimoja, na nimemwambia mumewe amwandae.

Afisa tabibu wa wilaya,
Nyanda za Juu Kusini