Methani ya taka: msitusingizie wingi wa watu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu wa Kilimo, na huu ni mwaka wa nane tangu nistaafu. Sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nikiudhika hukunja gazeti nikanyamaza. Lakini ile habari yenu ya Jumapili kuhusu gesi ya methani inayotokana na taka nchini, hiyo siwezi kuinyamazia.

Mmechora mstari unaopanda mwaka hadi mwaka, na sababu mliyoandika chini yake ni maneno matatu: ongezeko la watu. Ni kweli tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Lakini methani hii haitoki kwenye vichwa vya watu, inatoka kwenye ganda la ndizi lililofukiwa likakosa hewa. Ganda hilohilo likiwekwa kwenye lundo linalogeuzwa, vijidudu vinavyolila ni vingine kabisa, na mwisho wake ni mboji. Waingereza nao wameongezeka tangu 1990, ila methani ya madampo yao imeshuka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa mwaka 1996 walianza kutoza kodi kwa kila tani inayofukiwa, na gesi ya madampo wakaivuta kwa mabomba. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005. Mwandishi wako hakuyagusa hayo.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Mwaka juzi tuliambiwa kwenye mkutano wa mtaa tutenganishe taka. Nilinunua ndoo mbili zenye mifuniko, ya kijani ya maganda na mabaki ya chakula, ya bluu ya vitu vingine vyote, na wajukuu wangu nikawafundisha mpaka yule wa miaka minne akajua gunzi la hindi linakwenda wapi. Miezi saba tulifanya hivyo bila kukosa. Asubuhi moja nikachelewa kurudi ndani, nikamwona kijana wa gari la taka akimimina ndoo ya kijani, kisha ya bluu juu yake, maganda ya viazi na pampasi kitu kimoja, halafu akapanda akashindilia kwa miguu. Nikamwuliza, mwanangu, mbona unachanganya? Akasema, "Shikamoo mama. Zote zinaenda shimo moja." Sikumgombeza, hata glavu hakuwa nazo. Wiki ile nikapanda bodaboda mpaka dampo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na dimbwi la maji meusi kando ya lundo lilikuwa likitoa vipovu, kimoja hapa, kimoja pale, kama uji unaoanza kuchemka, ilhali maji yenyewe baridi. Jambo hilo nimelichora ubaoni miaka mingi, sikuwahi kuliona kwa macho. Vile vipovu ni methani, na gesi hiyo, uzito kwa uzito, hupasha joto dunia mara 28 hivi ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ukihesabu miaka 20 ya mwanzo inapita mara 80. Tena taka hutoa gesi kwa miongo baada ya kufukiwa. Mstari wenu wa leo una maganda yaliyofukiwa zamani, na maganda ya ndoo yangu ya kijani mtayakuta kwenye mistari ya kesho na keshokutwa.

Na hili la mbolea siwezi kuliacha. Rais aliizindua mbolea ya ruzuku hapahapa Mbeya, Nanenane ya 2022, na wakulima tulishukuru. Lakini msimu uliopita nilikwenda kwa wakala mara tatu, mara namba yangu ya ruzuku haisomi, mara mzigo umekwisha, na mahindi hayamsubiri mtu. Huku sokoni malori yameshusha viazi vya Umalila na ndizi za Tukuyu, yanarudi vijijini matupu, na nyuma ya meza majani ya kabichi yamelundikana mpaka kiunoni yakingoja kupelekwa shimoni. Mboji haichukui nafasi ya mbolea ya urea yote, nimelifundisha hilo. Lakini inaufanya udongo ushike maji na ile mbolea kidogo tuliyoipata.

Ninachotaka ni hiki. Gari moja, moja tu, lipewe sokoni peke yake, Jumatatu na Alhamisi, lisiguse taka za majumbani. Lipatiwe kiwanja chenye paa la bati, vijana sita wenye glavu, mabuti na uma wa kugeuzia, na kipimajoto kirefu. Milundo isizidi kimo cha mtu mzima, igeuzwe kila wiki, joto lifike nyuzi 55 ili mbegu za magugu zife. Baada ya miezi mitatu au minne, lori linaloshusha viazi lipakie mboji kwa bei ya kuchekecha na kupakia tu.

Na mwandishi wako aje Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, avae mabuti. Nitamsubiri kwenye lango la soko, nimwonyeshe majani ya kabichi kabla gari halijayabeba, kisha twende naye kwenye lile dimbwi.

Mwalimu mstaafu,
Mbeya