Mtoto aulizwe pia kama taarifa zinatosha

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkaguzi wa hesabu hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana niliingiwa na hamu ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nje ya nchi, na chuo nilichokitaka kinadai matokeo ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo hayo. Nikajisemea, hesabu si ndizo zinazonilisha? Jaribio la kwanza la mazoezi likaniumbua.

Hesabu zenyewe si ngumu, nyingi ni za kidato cha pili. Kilichoniangusha ni maswali ya kupima kama taarifa zinatosha. Unapewa swali na maelezo mawili, ila jibu lenyewe hawalitaki. Wanataka useme: yanatosha ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, yoyote kati ya hayo, mpaka yaungane, au hata yakiungana bado? Machaguo ni hayo matano siku zote.

Nililokosa lilikuwa la namna hii, nimelivisha tu bei za dukani kwetu. Mama kanunua peni za shilingi 700 na madaftari ya shilingi 1,100. Madaftari ni mangapi? Maelezo ya kwanza: alitumia shilingi 6,500. Ya pili: vyote jumla ni saba. Kwa mazoea ya shule niliona visivyojulikana viwili, milinganyo miwili, nikajibu "mpaka yaungane". Kumbe nusu peni haiuzwi! Toa daftari moja, zinabaki 5,400, hazigawanyiki kwa 700. Mawili, 4,300, wapi. Matatu, 3,200, wapi. Manne, 2,100: peni tatu kamili. Matano, 1,000, hapana. Maelezo ya kwanza yanajitosheleza, yale ya pili ni mtego.

Niliona aibu, maana ukaguzi ndiyo kazi hiyo hiyo. Kuna chama cha kuweka na kukopa kilinikabidhi boksi la stakabadhi nikajumlisha siku tatu, ndipo nikagundua taarifa za benki hazimo. Hata ningejumlisha mwezi mzima, salio nisingelijua.

Nikaenda tuisheni. Mwalimu, mtu mwema kabisa, alikokotoa kila swali hadi jibu la mwisho, ubao ukajaa. Lakini tangu toleo jipya la mtihani lianze Novemba 2023, maswali haya yamewekwa pamoja na ya majedwali na grafu: maswali 20, dakika 45. Ukikokotoa yote, muda unakwisha ungali katikati.

Ombi langu ni kuhusu ukurasa wenu wa wanafunzi. Kila wiki mnaweka maswali ya "tafuta x". Hebu wekeni na moja la kuuliza kama x inapatikana. Sisemi kwa ajili ya GMAT, wangapi wataifanya? Mwanangu yuko darasa la sita. Nilipomsomea lile la madaftari, kabla hajashika penseli akauliza, "Baba, anaruhusiwa kununua peni tu, bila daftari?" Mimi na digrii yangu sikuwa nimeliwaza hilo, ikabidi nigawanye 6,500 kwa 700 ndipo nimjibu.

Ninayo maswali kama kumi na tano ya aina hii, nimeyaandika kwa Kiswahili. Mkiyahitaji nitayaleta ofisini kwenu, sitaki malipo.

Msomaji wenu,
Nyamagana, Mwanza